Mashine ya Pumzi Haichukui Nafasi ya Miguu

Ndugu msomaji, kuna desturi iliyoota mizizi katika familia nyingi humu nchini. Mzazi akianza kuhema kwa shida kule mashambani, watoto wanaofanya kazi mijini humwamuru aketi. Asichote maji, asiende shambani, asiteremke hata sokoni. Mjukuu huitwa aje kumfanyia kila kitu. Hali ikizidi kuwa mbaya, kamati ya harambee huundwa, na pesa huchangwa za kununua mashine ya kusaidia kupumua.

Nia ya watoto hawa ni njema, na hakuna anayeweza kuwalaumu kwa kumpenda mzazi wao. Hata hivyo, nikiwa daktari wa kawaida anayepokea wagonjwa wa kila aina, nasema bila kupepesa macho kwamba kumkalisha mgonjwa wa mapafu kunamdhuru. Na mashine, ambayo ni chombo kizuri mno mahali pake, mara nyingi hununuliwa kabla ya jambo la kwanza kufanywa. Jambo hilo la kwanza ni kutembea.

Moshi wa jikoni

Tuchukue mfano wa Ruiri, kaskazini mwa mji wa Meru, katika eneo bunge la Buuri, upande wa kuelekea Isiolo. Wengi wenu mnaosoma gazeti hili Nairobi, Nakuru au Mombasa mna mama au nyanya katika sehemu kama hiyo. Chakula cha kila siku ni mahindi na maharagwe, na kila mpishi anajua kwamba githeri haiivi kwa dakika kumi. Sufuria hukaa motoni kwa saa nyingi. Moto ni wa kuni juu ya mafiga matatu, jikoni ni kadogo, na miezi ya baridi inapofika mlango hufungwa ili joto lisitoke.

Mama aliyeanza kupika akiwa msichana wa miaka 10, akifikisha umri wa miaka 60 huwa amevuta moshi kwa nusu karne. Hajawahi kutia sigara mdomoni, lakini mapafu yake yanafanana na ya mvutaji sugu.

Jirani zetu wa Uganda walilichunguza jambo hili. Katika wilaya ya Masindi, watafiti waliwapima pumzi watu wa zaidi ya umri wa miaka 30, na matokeo yakachapishwa mwaka 2015. Asilimia 16.2 walikuwa na maradhi sugu ya kuziba kwa njia za hewa, yaani karibu mtu mmoja katika kila sita. Zaidi ya asilimia 90 ya watu waliopimwa walikuwa wakiishi na moshi wa kuni au makaa. Jiko la Masindi halina tofauti kubwa na jiko la Ruiri.

Shirika la Afya Duniani linasema kwamba maradhi hayo yaliwaua watu milioni 3.5 mwaka 2021, na kuyafanya kuwa ya nne kwa kuua duniani. Karibu asilimia 90 ya wale wanaokufa kutokana nayo kabla ya kutimiza miaka 70 ni watu wa mataifa yenye mapato ya chini na ya kadiri, kama letu.

Kuna chanzo cha pili ambacho husahauliwa, nacho ni kifua kikuu. Kenya ingali miongoni mwa mataifa 30 yenye mzigo mkubwa wa ugonjwa huo. Mgonjwa humaliza dawa zake, makohozi hupimwa na kuonekana safi, naye huambiwa amepona. Ni kweli viini vimekufa. Lakini makovu hubaki katika mapafu, na mtu wa miaka 40 hujikuta akihema kama mzee. Huyu naye huambiwa apumzike.

Hewa inayokwama

Ili uelewe kwa nini mapumziko hudhuru, yafaa kwanza ujue kinachotokea kifuani. Watu wengi hudhani mgonjwa huyu anashindwa kuvuta hewa ndani. La hasha. Shida yake kubwa ni kuitoa nje. Njia zake za hewa zimekuwa nyembamba na legevu, na anapotoa pumzi hujifunga kabla hewa yote haijatoka.

Fikiria matatu inayofika kituoni ikiwa imejaa. Abiria wachache wameshuka, wengine wangali ndani, lakini kondakta anazidi kuwasukumia wapya mlangoni. Baada ya vituo vitatu, hakuna nafasi hata ya kugeuza shingo. Hivyo ndivyo kifua cha mgonjwa huwa anapotembea. Pumzi huenda haraka, muda wa kutoa hewa hupungua, hewa ya zamani hukwama, na hewa mpya hukosa mahali pa kuingia. Misuli ya kifua hufanya kazi ya punda, na mgonjwa huhisi kwamba anakufa.

Mtu aliyepatwa na hofu hiyo mara moja hataki kuionja tena. Basi huketi. Na hapo ndipo mtego unapojifunga, kwa sababu miguu isiyotumika hunyauka. Msuli dhaifu hautumii oksijeni vyema. Hata kwa kazi ndogo huchoka upesi na kumwaga asidi katika damu, na asidi hiyo huyalazimisha mapafu kupumua kwa kasi zaidi. Kwa hivyo yule mama aliyekuwa akisongwa na pumzi anapopanda kilima, baada ya mwaka mmoja wa kuketi husongwa anapokwenda msalani. Familia husema ugonjwa umeongezeka. Mara nyingi kilichoongezeka sana ni udhaifu wa miguu.

Ndugu msomaji, makovu ya moshi hatuwezi kuyafuta. Lakini miguu inaweza kupata nguvu hata katika umri wa miaka 70, na miguu yenye nguvu hudai pumzi kidogo.

Ushahidi wa Kampala

Haya si maneno ya kumfariji mgonjwa tu. Mwaka 2017 watafiti wa Kampala, pamoja na wenzao wa Uingereza, walitangaza matokeo ya mpango mdogo wa mazoezi kwa watu waliobaki na mapafu mabovu baada ya kutibiwa kifua kikuu. Wagonjwa 34 walianza, na 29 kati yao walifuatiliwa hadi mwisho. Walikutana mara mbili kwa wiki kwa wiki sita, wakafanya mazoezi na kufundishwa kuhusu hali yao. Kabla ya mpango walikuwa wakitembea kwa wastani mita 299 katika kipimo cha mwendo wa kuongezwa kasi. Wiki sita zilipokwisha, walitembea mita 377. Hawakupewa mapafu mapya wala dawa ya ajabu.

Kundi hilo lilikuwa dogo, lakini halisimami peke yake. Shirika la Cochrane, ambalo hukusanya na kupima tafiti za tiba, lilichapisha mwaka 2015 uchambuzi wa tafiti 65 kutoka nchi mbalimbali, zilizohusisha wagonjwa 3,822 wenye maradhi sugu ya kuziba kwa njia za hewa. Mazoezi yaliwapunguzia uchovu na kuhema, na kuwarudishia uwezo wa kujifanyia mambo yao. Ushahidi ulikuwa mzito hivi kwamba waandishi walisema hakuna haja tena ya kuendelea kuuliza kama mazoezi yanafaa kuliko huduma ya kawaida. Ni dawa chache katika kabati langu zinazoweza kusifiwa hivyo.

Kazi ya mashine

Sasa tuje kwenye mashine. Hapa nazungumzia ile inayosukuma hewa kupitia barakoa iliyofungwa puani, au puani na mdomoni, bila mgonjwa kupitishiwa mrija kooni. Usiichanganye na mtungi wa oksijeni. Oksijeni huongeza ubora wa hewa inayoingia, ilhali mashine hii hufanya sehemu ya kazi ya kupumua.

Mwaka 1981 Daktari Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alieleza jinsi alivyotumia hewa ya shinikizo kupitia puani kuwasaidia watu ambao pumzi hukatika wakiwa usingizini. Baadaye zikaja mashine za shinikizo la aina mbili. Mgonjwa anapovuta pumzi, mashine humsukumia hewa kwa nguvu. Anapoitoa, hubakiza shinikizo dogo linalozuia njia za hewa zisijifunge. Tukirudi kwa ile matatu yetu, ni kama mtu anayeushikilia mlango wazi hadi abiria washuke.

Mahali mashine hii ilipojipatia heshima kubwa ni hospitalini, mgonjwa anapozidiwa ghafla na gesi ya kabonidayoksaidi kujaa katika damu. Utafiti wa Ulaya ulioongozwa na Mfaransa Laurent Brochard, uliochapishwa mwaka 1995, uliwahusisha wagonjwa 85 wa namna hiyo. Katika kundi la matibabu ya kawaida, asilimia 29 walifariki. Katika kundi lililovishwa barakoa, walifariki asilimia 9. Hakuna daktari anayeweza kudharau chombo kama hicho.

Kutokana na mafanikio hayo, wataalamu walijiuliza swali la busara. Je, mgonjwa akivishwa barakoa hiyo huku anakanyaga baiskeli ya mazoezi, hataweza kufanya mazoezi makali zaidi? Jibu ni kwamba wengine huweza. Kifua hupunguziwa mzigo na miguu hupata nafasi ya kufanya kazi. Uchambuzi mwingine wa Cochrane, wa mwaka 2014, ulikuta dalili kwamba barakoa humwezesha mgonjwa kufanya mazoezi kwa kiwango cha juu zaidi. Lakini haikubainika wazi kwamba baada ya mpango kwisha mgonjwa huyo anaishi maisha bora kuliko mwenzake aliyefanya mazoezi bila barakoa.

Tafakari jambo hilo. Hata pale panapo vifaa vyote, mashine haikuwekwa badala ya mazoezi. Iliwekwa ili kuyasaidia. Mgonjwa alikuwa juu ya baiskeli akitokwa jasho. Aliyemnunulia mama yake mashine kisha akamlaza kitandani amenunua tandiko na kumwacha farasi sokoni.

Si tiba ya maskini

Najua kuna msomaji atakayeguna. Atasema, "Daktari, matajiri wapewe mashine, halafu watu wa Ruiri waambiwe watembee?" Hoja hiyo ina uzito, na sitaki kuikwepa.

Kwanza, mazoezi si tiba ya maskini. Mgonjwa wa London mwenye maradhi haya, akihema anapotembea, anastahili kuandikiwa mpango wa mazoezi hata kama hospitali yake imejaa mitambo. Tunachonyimwa sisi hasa ni mpango huo wenyewe, na mtu wa kuusimamia.

Pili, kuna wagonjwa wanaohitaji mashine, nao lazima waipate. Wa kwanza ni yule aliyezidiwa ghafla, na huyo mahali pake ni hospitalini. Wa pili ni yule ambaye gesi chafu hubaki juu katika damu yake hata anapokuwa ametulia. Huyu huenda akafaidika kwa kuitumia usiku nyumbani. Wa tatu ni yule ambaye usingizini pumzi hukatika. Kuwatambua kunahitaji vipimo, vikiwamo vya damu kutoka kwenye mshipa wa ateri au vya kupima usingizi. Mashine isinunuliwe kwa kusoma tangazo. Wala isiazimwe ile iliyoachwa na marehemu wa boma la jirani, kwa kuwa shinikizo lililomfaa mmoja laweza kumtesa mwingine.

Tatu, kumbuka kwamba mashine hula umeme. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi nzima iliingia gizani. Familia inayopanga kuweka mashine nyumbani haina budi kupanga pia itafanya nini siku kama hiyo.

Na kuhusu mtungi wa oksijeni, ambao wengi waliuzoea wakati wa janga la Corona, tahadhari ni muhimu. Kwa wagonjwa hawa oksijeni nyingi kupita kiasi yaweza kuzidisha gesi chafu katika damu na kuleta usingizi wa hatari. Kwa kawaida kipimo cha kidoleni hulengwa kati ya asilimia 88 na 92, si 100. Usizungushe koki kwa kukisia.

Anzeni hivi

Kabla ya yote, mgonjwa apimwe. Si kila anayehema ana ugonjwa wa mapafu. Huenda ni moyo, huenda ni upungufu wa damu, huenda ni kifua kikuu kilichorudi. Mwombeni daktari ampime pumzi kwa spairomita. Kwa watu wa Ruiri, hospitali ya rufaa ya Meru si mbali, na vilevile kuna hospitali ya misheni ya Kiirua. Aliyepatwa na mshtuko wa moyo hivi karibuni, au mwenye maumivu ya kifua, asianze mpaka daktari amruhusu.

Akisharuhusiwa, atembee mahali tambarare, siku tatu hadi tano kwa wiki. Asijaribu dakika 20 mfululizo siku ya kwanza. Atembee dakika mbili au tatu, asimame apumzike, kisha aendelee, mpaka jumla ifike dakika 20, na baada ya wiki kadhaa dakika 30. Mazoezi ya vipande hivi hufaidi sawa na ya mfululizo, na mgonjwa huyavumilia zaidi.

Lazima aheme kiasi. Hapa ndipo watoto huingiwa na hofu na kumrudisha kitini. Kipimo rahisi ni hiki: aweze kusema sentensi fupi, lakini asiweze kuimba. Kama anaweza kuimba, aongeze mwendo. Kama hawezi kusema hata maneno mawili, apunguze.

Mfundisheni kutoa pumzi polepole kwa midomo iliyokunjwa, kama mtu anayepooza uji wa moto. Hii huzuia njia za hewa zisijifunge mapema, na kwa kadiri ndogo hufanya kazi ile ile ya barakoa, tena haihitaji umeme. Akichoka, ainame kidogo mbele akiegemea fimbo. Aliyeandikiwa dawa ya kuvuta kwa mdomo ya kufungua kifua aulize kama aitumie kabla ya kuondoka. Nyumbani, asimame na kuketi kitini mara kumi bila kujisukuma kwa mikono, na ainue chupa ndogo za maji kuimarisha mabega.

Pimeni maendeleo. Wekeni alama mbili zenye umbali wa mita 30, mhesabie anakwenda mita ngapi kwa dakika sita, kisha rudieni baada ya wiki nane. Ongezeko la mita 30 kwa jumla laweza kuonekana dogo kwako wewe unayekimbilia basi kila asubuhi. Kwake yeye, huenda ndilo linalomwezesha kufika kanisani mwenyewe.

Lakini midomo au kucha zikigeuka rangi ya samawati, akiwa na usingizi usio wa kawaida au kuchanganyikiwa, akitema damu, akivimba miguu, akiamka na maumivu ya kichwa kila asubuhi, au akishindwa kumaliza sentensi akiwa ameketi, hayo si mambo ya mazoezi. Mpelekeni hospitali siku hiyo hiyo.

Na hayo yote yatakuwa kazi bure ikiwa mama atarudi kuinamia moshi ule ule. Pesa za harambee zianzie hapo, kwa jiko la gesi, au jiko lenye bomba la kutolea moshi, au angalau dirisha na kuni zilizokauka.

Wajibu wa kaunti

Afya iligatuliwa mwaka 2013, na kaunti haziwezi tena kusingizia Nairobi kwa kila jambo. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahamasishaji 100,000 wa afya ya jamii, wanaozunguka nyumba kwa nyumba. Watu hao tayari wanazijua njia za Ruiri na wanamjua kila mzee anayekohoa usiku. Wakifundishwa na mtaalamu wa tibamaungo jinsi ya kuwatembeza wagonjwa waliopimwa, na dalili za kuwafanya wasimame, kila kituo cha afya kingeweza kuwa na kundi lake la mazoezi mara mbili kwa wiki. Kampala walionyesha kwamba wiki sita zatosha kuona tofauti. Kinachohitajika ni uwanja, saa ya ukutani, viti kadhaa na mtu aliyefunzwa.

Mashine za barakoa nazo zinunuliwe, ziwekwe katika hospitali za rufaa pamoja na wahudumu wanaojua kuzitumia usiku na mchana. Huko ndiko zinakookoa maisha ya wengi, badala ya kulala chini ya kitanda cha mtu mmoja zikisubiri stima irudi.

Kwa hivyo, ndugu msomaji, utakapopiga simu nyumbani jioni ya leo, usimuulize mama kama amepumzika. Muulize ametembea mpaka wapi. Na utakapofika mwisho wa mwezi, kabla ya kumletea chochote, mwambie, "Mama, twende pamoja hadi barabarani." Mwendo wake utakuwa wa polepole, na itakubidi usimame mara kadhaa. Simama naye, kisha muendelee.